AJALI YA GARI, BIMA, NA NENO LA SAWASAWA

Kijana mmoja aliyefanya baiati mwaka uliopita alinijia baada ya Sala ya Ijumaa, karatasi mkononi. Ilikuwa ni fomu ya madai ya kampuni ya bima. Alikuwa akiendesha pikapu ya mjomba wake wakati wa magharibi. Simu ikalia, na kwa kitambo kidogo macho yake yakashuka kuitazama. Aliponyanyua kichwa alikuwa amekwisha mgonga mwendesha baiskeli. Mtu yule alivunjika mguu, lakini alhamdulillahi hakufa. Kijana alisimama, akampeleka majeruhi hospitali, akaripoti polisi. Mpaka hapo alikuwa ametenda yampasayo. Taabu yake ilianza siku ya tatu, alipokaa kuijaza fomu.

Mtu mmoja, miongoni mwa hao wazungukao kwenye ofisi za bima wakitafuta riziki kwa shida za wenzao, alimshauri aandike kwamba baiskeli haikuwa na taa na kwamba ilikata njia ghafla. Tena akamwonyesha kifungu katika mkataba wa bima kisemacho kwamba mwenye bima asikiri kosa wala asiahidi malipo bila idhini ya kampuni. "Unaona, Sheikh," kijana akaniambia, "mkataba waniambia nisikiri, na dini yaniambia niseme kweli hata juu ya nafsi yangu. Nivunje lipi?"

Nimeona faida kulijibu swali hili mbele ya wasomaji wote, hasa ndugu walio wapya na wale ambao wangali wakichunguza. Wengi hudhani kwamba dini hukoma mlangoni pa msikiti, na kwamba habari za trafiki, gereji na bima ni za dunia tu. Atakayesoma Kurani Tukufu na Hadithi kwa makini atakuta kwamba habari ya nani alipe hasara, na kwa sababu gani, ilikwisha shughulikiwa kwa undani kabla gari la kwanza halijaundwa. (Kwa wale wenye tafsiri zilizochapwa na watu wengine: sisi huihesabu Bismillahi kuwa aya ya kwanza ya sura, kwa hiyo nambari za aya nitakazotaja huzidi zao kwa moja.)

Tuanze na asili ya jambo. Katika Sura Al-Anbiyaa, aya 79 na 80, inatajwa hukumu ya Manabii Daudi na Sulemani a.s. juu ya kondoo wa watu walioingia usiku katika shamba la mwingine na kulila. Baadaye, katika zama za Mtume Mtukufu Muhammad s.a.w., ngamia wa sahaba Al-Baraa bin Azib r.a. aliingia katika bustani ya watu na kuiharibu. Mtume s.a.w. aliamua kwamba wenye bustani ndio wenye wajibu wa kuzilinda mchana, na wenye wanyama ndio wenye wajibu wa kuwalinda wanyama wao usiku, na kwamba kilichoharibiwa na mnyama usiku kiko juu ya mwenye mnyama. Tazameni jinsi hukumu hii ilivyo ya busara. Yeye s.a.w. hakuuliza nani tajiri na nani maskini, wala nani amelia zaidi. Aliangalia ni nani aliyepaswa kuwa macho wakati ule, naye akalala. Hiyo ndiyo asili ya dhima ya uzembe, ambayo mahakimu wa leo huitafuta katika kila kesi ya barabarani.

Kuna Hadithi nyingine isemayo kwamba madhara ya mnyama aliyeponyoka mwenyewe, bila ya mtu kumwongoza, hayalipiwi. Niliwahi kumsikia dereva mmoja akiitumia kwa gari lake, akisema breki zilikatika zenyewe. Gari si mnyama, ndugu zangu. Halina hiari hata chembe. Kila liendapo limepelekwa na mkono wa mtu, na breki hazikatiki zenyewe pasipo mtu kuahirisha kuzitengeneza.

Sasa bima ni nini katika jambo hili? Katika Tanzania, Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, yamlazimisha kila mwenye gari litembealo barabarani awe na bima kwa ajili ya kifo au jeraha la mtu wa tatu, yaani mtu mwingine asiyekuwa mwenye bima wala kampuni. Watu huiita bima ndogo, kuipambanua na bima kubwa ambayo hulipia hata gari la mwenye bima mwenyewe. Kenya wanayo sheria ya namna hiyohiyo katika Sura ya 405. Baadhi ya wachunguzi huuliza mbona Islam iliyoharamisha kamari na riba iruhusu bima. Jibu ni kwamba bima ni za namna nyingi, na ile ichukuliwayo kwa hiari, hasa bima ya maisha, haifai kuingiwa kabla ya kuuliza makao ya Jamaat. Lakini bima ambayo Serikali imeifanya sharti la kutembeza gari, Muislamu huikata kwa kutii amri ya wenye mamlaka, kama ifundishwavyo katika Sura An-Nisaa, aya 60. Atembezaye gari bila bima hiyo, au kwa stika ya kughushi, amevunja sheria ya nchi, na kadhalika ameiweka haki ya wapita njia wote hatarini.

Tena wazo la watu wengi kubeba pamoja deni la kosa la mmoja si geni katika Islam. Wanawake wawili wa kabila la Hudhail waligombana, mmoja akamtupia mwenziwe jiwe, naye akafa pamoja na mtoto aliyekuwa tumboni mwake. Mtume Mtukufu s.a.w. aliamuru diya ya mwanamke yule ilipwe na aqila, yaani jamaa wa kiumeni wa yule aliyetupa. Na Hadhrat Umar r.a. alipoyaandika majeshi katika daftari, kama wasimuliavyo mafakihi wa Kihanafi, watu wa daftari moja walibebeshana diya hata kama hawakuwa wa ukoo mmoja.

Na hapa ndipo penye ufunguo wa swali la kijana wetu. Mafakihi wa kale walishika kanuni kwamba aqila haibebi diya ya mauaji ya kusudi, wala haifungwi na suluhu aliyoifanya mkosaji peke yake, wala na kukiri kwake peke yake. Kwa nini? Kwa sababu mtu hawezi kuweka deni juu ya mifuko ya wengine kwa ulimi wake tu. Angeweza kula njama na mdai, akakiri asilolitenda, wakagawana mali ya jamaa. Akikiri, ungamo lake linamfunga yeye katika mali yake. Basi kile kifungu cha mkataba kilichomtia kijana wasiwasi kimesimama juu ya sababu ileile. Kampuni inasema: maadam sisi ndio tulipao, usiahidi kwa niaba yetu. Hilo ni sharti la haki, na muumini aliyelitia sahihi hulitimiza.

Lakini sharti hilo halikumwambia mtu aseme uongo, na yule mshauri alilipotoa kwa makusudi. Yako mambo mawili ambayo ni lazima yapambanuliwe. Kuna habari ya yaliyotokea, na kuna hukumu juu ya yaliyotokea. "Simu ililia, nikaitazama, nilipoinua macho nikawa nimemgonga," hiyo ni habari, nawe ndiwe shahidi wake. Pengine hapana shahidi mwingine. "Kosa lote ni langu, nitalipa kila kitu," hiyo ni hukumu na ahadi. Sheria yaweza kuona kwamba kosa ni lako kwa sehemu na la mwenzako kwa sehemu. Mahakama hugawanya dhima kila siku. Sura Bani Israil, aya 37, yatukataza kufuata tusilokuwa na elimu nalo. Kwa hiyo kuinyamazia hukumu si kuficha ushahidi. Kuificha habari ndiko kuficha ushahidi, na Sura Al-Baqarah, aya 284, yasema kwamba afichaye ushahidi moyo wake una dhambi. Nayo Sura An-Nisaa, aya 136, yataka tusimame imara katika uadilifu tukitoa ushahidi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, ujapokuwa ni juu ya nafsi zetu au wazazi wetu.

Tena ipo amri iliyo juu zaidi ya kutokusema uongo. Katika Sura Al-Ahzab, aya 71, waaminio wameamriwa kusema neno la sawasawa, yaani lililonyoka, lisilo na kona ndani yake. Mtu aweza kuandika maneno ya kweli tupu na bado akawa amepinda. Kama kijana angaliandika tu kwamba "ilikuwa magharibi, na mwanga ulikuwa hafifu," hapana neno la uongo humo. Lakini kila asomaye angalidhani giza ndilo lililosababisha ajali. Huo ni ukweli uliopinda, na Mwislamu Ahmadiyya anayekumbuka sharti la pili la baiati yake, ambalo ndani yake ameahidi kujiepusha na uongo, hana ruhusa nao.

Seyidna Ahmad, Masihi Aliyeahidiwa a.s., alijaribiwa katika jambo hilihili, takriban mwaka 1877, kabla hajatoa dai lake. Alipeleka makala kwa mwenye kiwanda cha uchapaji huko Amritsar, Mkristo jina lake Rallia Ram, na katika bahasha ya makala akatia na barua ya maelezo. Hakujua kwamba kwa kanuni za posta za wakati ule kuchanganya barua katika furushi la namna ile lilikuwa kosa lenye adhabu ya faini kubwa au kifungo. Aliyepelekewa akashitaki, na kesi ikasikilizwa Gurdaspur. Mawakili wote walimshauri njia moja: aseme hakutia barua ile, Rallia Ram ameitia mwenyewe, hapakuwa na shahidi wa kumpinga. Wakamwambia kwamba vinginevyo hapana wokovu. Yeye a.s. alikataa. Hakimu Mwingereza alipomwuliza, alijibu bila kusita kwamba barua ni yake na furushi ni lake, na kwamba yeye ndiye aliyeitia; ila hakukusudia kuipunja Serikali ushuru wake, kwani hakuiona barua ile kuwa kitu mbali na makala, wala haikuwa na habari za faragha. Ofisa wa posta alisema sana kwa Kiingereza kumpinga, lakini hakimu alimwachia.

Ninaomba msomaji aangalie namna ya jibu lile. Habari aliitoa yote, hata ile iliyokuwa hatari kwake. Kisha akaeleza nia yake, nayo ilikuwa ya kweli. Lakini hukumu aliiacha kwa hakimu. Hivyo ndivyo fomu ya bima inavyojazwa.

Nilimwambia kijana jambo la pili, nalo lilimshangaza. Ile bima ndogo imewekwa hasa kwa ajili ya makosa ya dereva. Dereva asiye na kosa lolote hana deni, na asiye na deni bima haina cha kumlipia. Basi angeandika kwamba mwendesha baiskeli ndiye aliyekata njia, kampuni ingepata sababu ya kumwambia mtu yule: ulijiumiza mwenyewe. Nani angeumizwa na uongo huo? Si kampuni. Ni yule aliyelala na mguu kwenye plasta, ambaye amekwisha umizwa na gari, na sasa angeumizwa mara ya pili na kalamu. Kijana alikaa kimya kitambo kirefu. Kisha akaniambia kwamba hakuwa amemfikiria yule mtu kabisa tangu fomu ilipofika mikononi mwake. Alikuwa akiifikiria leseni yake na hasira za mjomba.

Huenda kwa kusema kweli akatozwa faini na mahakama. Huenda akapandishiwa ada ya bima mwaka ujao. Na ayalipe.

Mambo mengine ya utaratibu ni mepesi, nami nitayapita kwa haraka. Simama, sheria ya usalama barabarani ya mwaka 1973 yakutaka usimame, na atorokaye amejiongezea kosa. (Akiwapo hatari ya kupigwa na umati wa watu, na aende moja kwa moja hadi kituo cha polisi kilicho karibu na kujisalimisha.) Msaidie majeruhi, na mchukulie polisi fomu ya PF3 kwa ajili ya matibabu. Usiyaondoe magari kabla askari hajachora mchoro, isipokuwa kwa kuokoa maisha. Andika nambari za magari, majina ya mashahidi, na nambari ya bima ya mwenzako. Ijulishe kampuni yako mapema, kwani mikataba huweka muda. Ripoti ya polisi na stakabadhi za hospitali zitunzwe kama hati ya shamba.

Askari akidokeza kwamba mchoro waweza kuchorwa kwa namna nyingine endapo atapata chochote, Sura Al-Baqarah, aya 189, imekwisha kukujibu, pale inapokataza kula mali za watu kwa batili na kuzipeleka kwa mahakimu ili kupata sehemu ya mali za wengine kwa dhambi. Aya hiyo inawahusu vilevile waliogongwa. Maana si dereva peke yake ajaribiwaye. Nimeona mtu aliyechubuka kiwiko akitafuta daktari wa kumwandikia kilema; na mwenye gari lililopondeka taa akidai na mlango uliokuwa umebonyea tangu mwaka juzi. Mtume Mtukufu s.a.w. alionya kwamba yeye ni mwanadamu, na kwamba huenda mmoja wa wagomvi akawa fasaha kuliko mwenzake, naye akamhukumia kwa kadiri anavyosikia. Basi yeyote apewaye hivyo haki ya ndugu yake amekatiwa kipande cha moto. Ikiwa hukumu ya Mtume s.a.w. mwenyewe haimhalalishii mtu mali isiyo yake, hundi ya kampuni ya bima itamhalalishiaje?

Mgongwaji naye asiache haki yake kwa kutojua. Madai ya fidia ya namna hii, kwa sheria ya Tanzania, yafunguliwe mahakamani ndani ya miaka mitatu. Kampuni ikimzungusha, zipo Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA) na Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, zilizo chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Hana haja ya vishoka wachukuao nusu ya fidia.

Je, asamehe? Hili ni swali zuri, na wengi hulijibu upesi mno. Sura Ash-Shuraa, aya 41, inasifu msamaha, lakini imeufunga na kutengenea: msamaha uwe ule uletao islahi. Dereva aliyeteleza mara moja naye amejuta, kumsamehe ni kumjenga. Dereva wa basi akimbizaye abiria kila siku kwa mwendo wa kichaa, ukimsamehe leo umewasamehea na wale atakaowaua kesho, ambao hawakukupa uwakala. Tena usisamehe kisicho chako. Mwenye bima kubwa akilipwa na kampuni yake gharama za gari, haki ya kumdai mkosaji kwa gharama zile inahamia kwa kampuni. Akienda pembeni akamwambia mkosaji "nimekusamehe", amegawa mali ya mwingine. Na akichukua fedha kwa mkosaji baada ya kulipwa na kampuni, amekula mara mbili. Maumivu yake, usiku wake bila usingizi, hayo ni yake, na ayasamehe apendavyo.

Limebaki lililo zito zaidi. Kijana aliniuliza, na uso wake ukabadilika: lau mtu yule angalikufa?

Sura An-Nisaa, aya 93, inazungumzia amwuaye muumini kwa bahati mbaya. Yapasa mambo mawili. La kwanza ni diya, wapewe jamaa za marehemu, isipokuwa wao wenyewe waiache kuwa sadaka. La pili ni kumwacha huru mtumwa, na asiyepata, afunge miezi miwili mfululizo, iwe toba kwa Mwenyezi Mungu. Aya hiyohiyo yataja diya na kafara hata kwa aliyeuawa kutoka katika kaumu yenye mapatano nanyi, kwa hiyo asidhani mtu kwamba damu ya asiye Mwislamu ni nyepesi. Katika siku zetu watumwa hawapo, na kufunga ndiko kulikobaki.

Fidia ya bima huingia upande wa kwanza tu, ule wa haki ya wanadamu. Kampuni yaweza kumlipia dereva fedha, wala hapana ubaya. Aqila nayo ililipa. Lakini hapana kampuni ifungayo kwa niaba ya mtu. Dereva ambaye kwa uzembe wake mtu amekufa, hata kama mahakama imemtoza faini ndogo na bima imelipa yote, angali anadaiwa siku sitini na Mola wake, bila kukatiza pasipo udhuru. Ikiwa hakuwa na uzembe wowote, kwa mfano mtu amejitupa mbele ya gari lililo katika mwendo halali, basi na aulize Jamaat kwa kueleza habari yote ilivyokuwa. Asijihukumu wala asijiachie mwenyewe.

Na fedha hizo ni za nani? Hili nalieleza kwa ajili ya wajane. Hadhrat Umar r.a. kwanza alikuwa na rai kwamba diya ni ya jamaa wa kiumeni, na mke hapati kitu katika diya ya mumewe. Ndipo Adh-Dhahhak bin Sufyan r.a. akamjulisha kwamba Mtume Mtukufu s.a.w. alimwandikia ampe mke wa Ashyam Adh-Dhibabi urithi wake katika diya ya mumewe. Umar r.a., naye ni Khalifa, aliiacha rai yake papo hapo. Huku kwetu bado tunaona mashemeji wakifika ofisi ya bima kabla eda ya mjane haijaisha, wakiwa na barua ya ukoo. Msimamizi wa mirathi na athibitishwe na mahakama, hundi iandikwe kwa msimamizi huyo, na mjane na watoto wahesabiwe mafungu yao mbele ya mashahidi. Mjane asiye na mtu wa kumsaidia kuandika, na amwendee Rais wa Jamaat wa mahali pake, awe ni Mwahmadiyya au la.

Kijana wetu aliijaza fomu mezani pangu. Pale penye nafasi ya maelezo aliandika mistari minne, na neno "simu" limo katika mstari wa pili.